SOMO LA USHIRIKA: MWANACHAMA ATAKAPO KUTOKA



Atakayesimama karibu na stesheni ya Isaka asubuhi ataiona Jumuiya ya Afrika Mashariki bila kusomewa hati yoyote. Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza inapita hapo. Bandari kavu ipo hapo. Na malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo yakielekea Kahama na mipakani. Mama lishe, mpakiaji, fundi wa matairi na mwenye nyumba ya wageni, wote hao wana riziki yao katika mizigo ya majirani. Kwa hiyo mwaka 2013, uliposikika uvumi kwamba Tanzania huenda ikajitoa katika Jumuiya, maneno hayo hayakuwa ya wakubwa wa Dodoma na Arusha peke yao. Yalisemwa hapa petu kwa sauti kubwa, na watu waligombana kwayo.

Nimelichagua jambo hilo liwe somo letu kwa sababu Jumuiya ile nayo ni chama. Ina mkataba kama sisi tulivyo na masharti. Ina michango, vikao, kumbukumbu na Katibu Mkuu. Na swali lililoulizwa mwaka ule ndilo ninaloulizwa karibu kila msimu niendapo kukagua vyama: mwanachama asiyeridhika afanyeje, atoke au abaki?

JINSI UGOMVI ULIVYOANZA

Mwaka 2013 Jumuiya ilikuwa na nchi tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwezi Juni wakuu wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana Entebbe. Wakakutana tena Mombasa mwezi Agosti, na Kigali mwezi Oktoba. Walizungumza juu ya reli mpya kutoka Mombasa hadi Kigali, kiwanda cha kusafisha mafuta Uganda, viza moja ya watalii, forodha ya eneo moja, na kuharakishwa kwa Shirikisho la Kisiasa. Tanzania na Burundi hazikuwamo. Magazeti yakawaita wale watatu umoja wa walio tayari, na jina hilo liliuma, maana lilikuwa na maana ya pili: kwamba sisi tuliobaki ni wavivu.

Ndipo mjadala ulipowaka. Bungeni na magazetini walitokea waliosema wazi kwamba kama wenzetu wanakutana bila sisi, basi talaka imekwisha kutolewa na kilichobaki ni kuiandika. Walitaja mambo mazito, wala si haki kuyabeza. La kwanza lilikuwa ardhi. Watanzania wengi waliogopa kwamba nchi zenye watu wengi na ardhi ndogo zitapewa mlango wa kuingia katika ardhi yetu. La pili lilikuwa ajira. La tatu lilikuwa haraka ya Shirikisho: maoni ya wananchi yalipokusanywa miaka ya 2006 na 2007, Watanzania wengi walikataa jambo hilo liharakishwe, na sasa waliona majirani wakilisukuma tena. Wengine walisema tunayo Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, tunayo bandari, na Kongo na Burundi hawana budi kupita kwetu.

Waliotaka tubaki nao walikuwa na hoja zao. Walisema makao makuu ya Jumuiya yapo Arusha, masoko ya karibu yapo kwa majirani hao hao, na damu za watu wa mipakani haziwezi kugawanywa. Mimi nitaongeza hoja moja ambayo kwa sisi wa vyama vya mazao naiona nzito kupita hizo.

Jumuiya ina jedwali moja la ushuru kwa bidhaa zitokazo nje yake. Katika jedwali hilo mchele wa kutoka nje umewekewa 75 kwa mia, ingawa mara kwa mara nchi moja moja huruhusiwa kutoza pungufu. Mchele wa nchi mwanachama haupaswi kutozwa ushuru huo. Mkulima wa mpunga wa Kahama, ambaye gunia lake huvuka kwenda Rwanda au Uganda, ajiulize: nchi yake ikiwa nje ya Jumuiya, mchele wake utahesabiwa kuwa wa nani pale mpakani? SADC isingemsaidia, kwa kuwa Rwanda na Uganda hazimo humo.

MKATABA UNASEMAJE

Katika kelele zote za mwaka ule, ni wachache waliofungua Mkataba. Ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na marais Mkapa, Moi na Museveni, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ibara ya 145 inaeleza jinsi nchi inavyoweza kujitoa. Kwanza, Bunge la nchi hiyo lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Makatibu waangalie maneno hayo vizuri: si theluthi mbili ya waliohudhuria siku hiyo, ni ya wote. Pili, nchi hiyo itoe taarifa ya maandishi kwa Katibu Mkuu miezi kumi na miwili kabla. Katika mwaka huo mzima inaendelea kufungwa na Mkataba, tena inayo nafasi ya kuifuta taarifa yake.

Kwa nini mlango umewekewa vizingiti hivyo? Kwa sababu hasira ni ya siku moja, na deni ni la miaka. Waliouandika Mkataba walikuwa na kumbukumbu ya nyumba iliyowaangukia.

Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967, uliotiwa saini na Nyerere, Kenyatta na Obote. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikukutana tena. Fikirini chama ambacho mwenyekiti na wajumbe hawakutani miaka sita huku wafanyakazi wakilipwa na magari yakitembea! Kenya ililaumiwa kuchukua faida kubwa ya biashara. Mashirika ya pamoja yaligombania fedha zisizopelekwa zinakostahili. Mwezi Februari 1977 shirika la ndege lilikuwa limekwisha kusimama, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufika Julai Jumuiya ilikuwa imekufa. Hapakuwa na kura, taarifa wala hesabu. Ndege, mabehewa na meli zilibaki pale zilipokutwa, na aliyekuwa nacho mkononi ndiye aliyekuwa nacho.

Hesabu ilikuja kufanywa na mpatanishi kutoka Uswisi, Bwana Victor Umbricht, na mapatano yakatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984, miaka saba baadaye. Katika mgawanyo wa mali Kenya ilipewa 42 kwa mia, Tanzania 32 na Uganda 26. Lakini wazee waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ile, wa reli, wa posta, wa bandari, walikuwa bado wakidai mafao yao Dar es Salaam katika miaka ya 2000. Wengine walifariki dunia madai yakiwa mkononi. Nilipokuwa sekondari katika miaka ya 1990 tulifundishwa Jumuiya kama habari za marehemu. Hakuna aliyetuambia kwamba warithi wa marehemu walikuwa bado wakidai mlangoni.

Wazee wetu wa ushirika wanayo sababu ya pekee ya kuukumbuka wakati huo. Mwezi Mei 1976 serikali ilikuwa imevivunja vyama vikuu vya ushirika, na vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo ndani ya miezi kumi na minne hivi waliona miungano miwili ikivunjika, ule wa wakulima na ule wa mataifa.

Ipo pia safari moja tuliyotoka kwa utaratibu. Mwezi Septemba 2000 Tanzania iliacha kuwa mwanachama wa Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, COMESA, baada ya kutoa taarifa mwaka uliotangulia. Serikali ilisema uanachama wa vyama vingi unagharimu na mapato ya forodha yatapungua. Wenye viwanda walilalamika kwamba wanafungiwa masoko. Ubishi ule haukuisha, lakini hakuna mstaafu aliyelala mlangoni kwa sababu yake. Uingereza nayo ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016, waliotaka kutoka Umoja wa Ulaya wakapata 51.9 kwa mia. Ilitoka tarehe 31 Januari 2020. Miaka mitatu na nusu ilikwenda katika kuulizana nani analipa nini na mpaka wa Ireland utakaaje, maswali ambayo wengi hawakuulizwa siku ya kura.

YALIYOTOKEA BAADA YA HAPO

Tarehe 7 Novemba 2013 Rais Kikwete alilihutubia Bunge mjini Dodoma. Hakuficha kwamba Tanzania imetengwa. Alitenganisha mambo mawili: nchi tatu zina haki ya kujenga reli au kiwanda chao, lakini mambo yaliyo ya Jumuiya yote, kama forodha na Shirikisho, hayawezi kuamuliwa pembeni. Akasema Tanzania haitoki. Tarehe 30 mwezi huo huo alikuwa Kampala pamoja na wakuu wengine wanne, wakatia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha. Azimio la kujitoa halikupitishwa na Bunge.

Kwa maoni yangu waliotaka kutoka walikuwa na hoja ya kweli wakaiambatanisha na dawa isiyofaa. Hofu ya ardhi ilikuwa ya haki. Lakini ni kitu gani kilichoikinga ardhi? Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2009 iliyaacha mambo ya ardhi yafuate sheria za kila nchi, na iliandikwa hivyo kwa kuwa Tanzania ilikuwa mezani na ilikataa. Wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote. Asiyekubali akiwa ndani huweza kuzuia. Akiwa nje hupiga kelele tu. Nakiri kwamba jambo hili lina upande wake mchungu: mwanachama anayezuia kila kitu huwachosha wenziwe, nao wakichoka hukutana pembeni, kama ilivyotokea.

Kuhusu Isaka, mizigo haikukoma. Mwezi Januari 2018 Rais Magufuli na Rais Kagame walikubaliana juu ya kujenga reli kutoka Isaka hadi Kigali. Rwanda ile ile iliyokuwa katika kikao cha Mombasa ilikuwa bado inaitaka njia ya Isaka.

MFANO WA KWETU

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika chama kimoja cha msingi cha pamba ambacho sitakitaja. Wakulima wa kitongoji kimoja walitaka kujitoa waunde chama chao, kwa sababu gulio lilihamishwa likawa mbali nao. Mkutano ulikuwa mkali. Upande mmoja ulisema, tunatoka leo. Upande mwingine ukajibu, tokeni, nani aliwashika? Mzee mmoja akauliza kwa upole kuhusu mkopo wa pembejeo ambao chama kilikuwa kimeuchukua kwa jina la wote. Kimya kikaingia.

Nikamwomba katibu daftari la wanachama. Lilikuwa halijaandikwa kwa misimu mitatu. Hisa hazikujulikana, na deni la kila mtu lilikuwa kichwani mwa katibu wa zamani, aliyekwisha kuhama. Siku ile hakuna aliyeweza kutoka hata kama angetaka, kwa kuwa hakuna aliyejua anatoka na nini wala anaacha nini. Ilitubidi tukae siku tatu na stakabadhi za mizani, karatasi kwa karatasi. Hesabu ilipokamilika, gulio la pili lilifunguliwa na wengi wakabaki. Wachache waliondoka wakiwa wamelipa. Kwa hao sina lawama. Walitoka kama watu.

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu, na kulifungua daftari mbele ya mkutano. Wanachama wajadili mambo mawili. Je, masharti ya chama chetu yanamtaka anayetoka atoe taarifa ya muda gani, na muda huo watosha kufunga hesabu zake? Na je, chama kikivunjika kesho, daftari letu laweza kumwambia kila mtu haki yake na deni lake? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala iletwe Chama Kikuu pamoja na taarifa ya robo mwaka.