Hati ya makubaliano, je, ni mkataba?

Swali: Serikali mbili zikitia saini kitu kinachoitwa “hati ya makubaliano” tu, tena bila Bunge kuridhia, zinabanwa kisheria?

Jibu: Mara nyingi, ndiyo. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba hautazami jina. Unauliza kama mataifa yamekubaliana kwa maandishi, chini ya sheria ya kimataifa.

Chukua Kenya na Somalia. Aprili 7, 2009, mawaziri wao walitia saini jijini Nairobi hati fupi kuhusu rafu ya bara, yaani sakafu ya bahari inayoendelea kutoka pwani. Bunge la mpito la Somalia likaikataa Agosti mwaka huohuo, na baadaye Somalia ikadai hati hiyo haiwezi kuifunga. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Februari 2, 2017 kwamba huo ni mkataba halali: hati yenyewe ilieleza itaanza kutumika ikishatiwa saini, na waziri wa Somalia alikuwa na mamlaka rasmi ya kusaini. Ajabu ni kwamba Kenya, iliyoshinda hoja hiyo, haikufaidika nayo. Mahakama ilisema hati haiizuii kusikiliza kesi ya Somalia dhidi ya Kenya kuhusu mpaka wa baharini.

Kwa hiyo soma kwanza kifungu cha kuanza kutumika. Maneno kama “hati hii haina nguvu ya kisheria” yakiwemo, hapo ni ahadi ya kisiasa tu.