Kabla ya Kaole, andaa miguu

Wageni wengi wanaofika Makurunge wako njiani kwenda Hifadhi ya Saadani. Wananunua maji, wanaulizia hali ya barabara, wanaondoka. Ushauri wangu kwao: kabla ya tembo na simba, toeni siku moja mrudi ng'ambo ya Mto Ruvu mkaone magofu ya Kaole na mji mkongwe wa Bagamoyo. Lakini mwende mmejiandaa. Hifadhini mtazunguka kwa gari, huku mtategemea miguu.

Kaole iko kama kilometa 5 kusini mwa mji. Ukilitazama eneo kutoka getini halitishi: misikiti miwili iliyobomoka, mkongwe wao ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi ishirini na kitu, kisima na mbuyu. Watu wanadanganyika hapo. Kwenye magofu unapiga hatua tatu, unasimama, unasikiliza maelezo, unainama kutazama, unasogea tena. Mwendo wa namna hiyo unaumiza kiuno na nyayo kuliko kutembea mfululizo, hasa chini kukiwa na mawe ya matumbawe na mizizi, na jua la pwani liko utosini.

Kwa hiyo anza mazoezi wiki mbili kabla. Njia za vumbi za karibu na kwako zinatosha kabisa. Tembea saa nzima asubuhi, na njiani usimame dakika kadhaa bila kuegemea kitu, kisha uendelee. Vaa viatu vilevile utakavyovaa siku yenyewe. Raba iliyozoea mguu, yenye soli inayoshika, inashinda kiatu kipya cha bei kubwa. Ndala ziache nyumbani. Ukisikia kisigino kinawaka moto, simama palepale ubandike plasta. Ukingoja mpaka lengelenge litokee, siku yako imekwisha.

Toka Makurunge alfajiri, uwe Kaole saa mbili asubuhi. Kuanzia saa sita hadi saa tisa usiwe makaburini, kaa kivulini. Miezi ya Juni hadi Septemba, kusi inapovuma, ndiyo mizuri zaidi. Kaskazi ina joto la kuchosha, na masika yana matope na mbu. Kila mtu abebe lita mbili za maji. Ukikuta madafu njiani, kunywa, ila usiyategemee. Mzee au mtoto apande bajaji hadi getini ili nguvu zake azitumie ndani.

Mavazi nayo ni sehemu ya maandalizi. Nguo nyepesi ya mikono mirefu inakinga jua na inafaa mahali pa ibada. Wako watu ambao hadi leo huenda Kaole kuomba dua, hivyo usikalie kaburi wala kupanda ukuta ili upate picha. Weka kanga au kikoi kwenye mfuko: unajifunika kichwa, unatandika ukipumzika.

Nguvu zako nyingi zitumie kwenye makaburi ya nguzo. Sogea karibu uone vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwenye nguzo: humo mafundi walipachika mabakuli ya kauri yaliyokuja kwa njia ya bahari kutoka Uchina. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na baadhi ya vitu vilivyopatikana unaweza kuviona katika jumba dogo la makumbusho. Upande wa bahari mikoko imeziba iliyokuwa bandari. Usijaribu kurudi mjini kwa kufuata ufuko peke yako. Nenda na mwongozaji, na muulize mvuvi saa za maji kujaa, maana wakati wa bamvua bahari huja kwa kasi.

Mjini anza baada ya saa tisa. Utapita Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897 na jengo la misafara, kisha uelekee misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Njia ya miembe inayoingia misheni ina kivuli kizuri, kwa hiyo iache iwe ya mwisho. Hapo kuna mnara ambamo mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, safari ya miezi kadhaa na zaidi ya kilometa 1,500, baadhi yao wakifia njiani. Pale mnarani majina ya wabebaji hao ndiyo yangepaswa kutajwa kwanza. Mwulize mwongozaji wako habari zao, na habari za wapagazi waliotoka Ujiji na mizigo ya pembe za ndovu yenye uzito wa kilo 30 na zaidi mabegani.

Miguu ikishaizoea Kaole, lenga Kilwa Kisiwani, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Kutoka Msikiti Mkuu hadi kasri la Husuni Kubwa ni mwendo wa kutosha, na juani. Huko Songo Mnara boti inaweza kukushusha kwenye maji ya magotini na tope la mikoko, kwa hiyo chukua kandambili zenye mkanda wa kisigino, na raba zako zifunge kwenye mfuko wa plastiki mgumu usioingiza maji.