Maswali na Majibu: Mzizi wa Neno na Usomaji wa Watoto Wakimbizi Wazungumzao Kiarabu

1. Utambuzi wa muundo wa maneno ni nini? (Alama 2)

Ni uwezo wa kuona kwamba neno limeundwa kwa sehemu zenye maana, na kuzitumia sehemu hizo kulielewa au kuunda jingine.

2. Eleza muundo wa neno la Kiarabu. (Alama 4)

Maneno mengi yana mzizi wa konsonanti tatu, nao hubeba maana ya msingi. Irabu na viambishi huuzunguka na kupenya katikati yake. Mzizi k-t-b unahusu kuandika. Nasi wasemaji wa Kiswahili tunao ushahidi mdomoni: maneno kitabu, katibu na maktaba yote yametoka humo. Tahadhari: usiueleze kama mzizi wa Kiswahili, maana konsonanti za mzizi wa Kiarabu hutawanyika ndani ya neno.

3. Kwa nini utambuzi huo humfaa sana msomaji wa Kiarabu? (Alama 6)

Irabu fupi huandikwa kwa alama za fat-ha, kasra na dhumma. Vitabu vya wanaoanza huziweka, magazeti huziacha. Hapo k-t-b tupu yaweza kuwa *kataba* (aliandika), *kutiba* (iliandikwa) au *kutub* (vitabu). Aliyeuona mzizi ana pa kushika. Muktadha humwongoza kwenye matamshi.

Isitoshe, Kiarabu cha nyumbani si kile cha vitabuni. Mtoto wa Syria husema *byiktob*, kitabu chasema *yaktubu* (anaandika). Mzizi ni uleule. Kwangu mimi, hoja hii ndiyo nzito kuliko zote.

4. Ukimbizi unaathirije usomaji huo? (Alama 4)

Kiarabu fasihi, yaani kile cha vitabuni, hujifunzwa zaidi shuleni. Vita vya Syria vilivyoanza 2011 viliwatoa watoto wengi madarasani. Wengine walifikia kambi ya Zaatari, Jordan, iliyofunguliwa 2012. Mtoto anaweza kuzungumza vizuri sana lakini ukurasa ukamshinda. Huyo amekosa shule, hakukosa akili.

5. Mwalimu afanye nini? (Alama 4)

Aandike konsonanti tatu kwa chaki ya rangi, kisha awaombe watoto walete maneno ya nyumbani yenye mzizi huo. Wayapange, wayalinganishe na ya kitabuni, ndipo wasome bila alama za irabu. Mwalimu mwenzangu, usimwambie mtoto kwamba lahaja ya mama yake si Kiarabu. Anzia hapo hapo kwenye lahaja hiyo.