Aliyepona ni wewe, oveni ni ya mkeo

Shangazi, mimi ni mwanaume wa miaka 44, Mhindu kwa dini, Mtanzania wa kuzaliwa. Kwetu ni Tanga, sasa naishi Goba na mke, watoto wawili na mama mzazi. Mwaka 2021 niliugua sana, nikalazwa na kuwekewa oksijeni. Mama akaweka nadhiri kwa mungu wetu wa kike, Amba Mata, kwamba nikipona ataupanda Mlima Girnar, kule Junagadh, India, kwa miguu yake mwenyewe. Nilipona. Sasa mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua na sukari anayo, lakini anasema hataki kufa na deni. Ndugu zangu wanataka apande kwa gari la kebo. Yeye anasema nadhiri ilikuwa ya miguu. Nataka nimpeleke Januari. Hela si tatizo. Yangu nimeitenga kwa uzio na geti, ila mke wangu anauza kachori na nankatai za oda, na kikoba chao kinavunjwa Desemba. Sijamwambia bado, ila najua hatakataa. Alikuwa anataka oveni kubwa, lakini hiyo inaweza kusubiri. Swali langu: akipanda kwa kebo nadhiri itahesabika?
Mtoto wa Tanga, Goba

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu na nimeipunguza. Mambo ya ndege, hoteli na viatu vya mama nimeyaondoa yote. Mstari wa oveni nimeuacha kama ulivyouandika.

Nianze na ulichouliza, maana hicho hakina uzito mkubwa. Girnar ndio mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Gujarat, umepita mita 1,000, na ngazi zake za mawe hadi mwisho wa njia zinakaribia 10,000. Hekalu la Amba Mata liko kama nusu ya safari, kwa hiyo mama anadaiwa ngazi kama 5,000 za kupanda na hizo hizo za kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Gari la kebo lilianza kazi Oktoba 2020 na linamshusha mtu karibu na hekalu hilo. Wapo pia wabebaji wa doli. Mtu anapimwa kwanza kwenye mizani pale chini, malipo yanafuata kilo zake, kisha anakalishwa kwenye kiti kilichofungwa kwenye mti na wanaume wanambeba mabegani ngazi kwa ngazi. Tangu zamani wazee na wagonjwa wamefika juu hivyo, na hakuna anayewacheka.

Kama kebo inahesabika au haihesabiki, mwenye jibu si mimi, na si ndugu zako pia. Mpeleke mama kwa maharaji wa hekalu lenu, Kisutu au popote mnaposali, aulize kwa kinywa chake kwa sababu nadhiri ni yake. Daktari amwone kabla hujakata tiketi. Januari ni wakati mzuri. Joto lao kali ni Aprili na Mei, na mvua zao huanza Juni. Na kama ameshikilia miguu, aanze mazoezi sasa hivi. Goba ina vilima vya kumtosha, atoke alfajiri kabla bodaboda hazijajaa barabarani.

Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze habari ya oveni.

Katika barua yako mama ana umri, ana magoti, ana sukari, ana nadhiri. Wewe una maradhi uliyopona na geti unalojenga. Mkeo ana kikoba tu. Hukuniambia ana miaka mingapi, ameoka nankatai kwa muda gani, wala anaamka saa ngapi. Nikwambie mimi, maana nawajua wanawake wa oda: mwenye kupeleka kachori ofisini saa mbili asubuhi huwa na unga mikononi saa kumi alfajiri. Oveni ndogo inaingia trei moja. Trei ikitoka nyingine inaingia, na yeye amesimama pale pale akichungulia zisiungue, huku gesi inaisha na mteja wa pili anapiga simu. Oveni kubwa kwake ni usingizi. Huenda ni oda ya harusi aliyolazimika kuikataa. Wewe umesema inaweza kusubiri.

Halafu geti. Mbona hukusema geti linaweza kusubiri?

Nataka uisome tena sentensi yako: sijamwambia bado, ila najua hatakataa. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, mwanangu. Ni kweli hatakataa, na hilo ndilo unalolitegemea. Atakataaje? Mama mkwe mwenye miaka 71, nadhiri kwa Mungu wao wote, na uhai wa mume wake mwenyewe. Mwanamke akisema hapana hapo, ukoo mzima utasikia kwamba mke wa fulani alizuia mama asilipe deni la kumwombea mwanawe. Umeshamfungia mlango, kisha unaita kunyamaza kwake ridhaa. Ungekuwa unaomba kweli, ungemwuliza kabla hujaniandikia mimi, na ungekuwa tayari kusikia jibu usilolipenda.

Na kikoba unakifahamu? Wanawake wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa zake mbele ya wenzake, zinaandikwa kwenye kitabu chake na fedha inaingia sandukuni. Sanduku lile lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti, ili hata mwenyekiti asiweze kulifungua peke yake. Kufuli hizo ziliwekwa kwa sababu wanawake walishaona fedha zao zinavyokwenda zikikaa ndani ya kabati la nyumbani. Wewe umezipita kufuli zote tatu ukiwa umekaa sebuleni.

Usiniambie ndoa ni kitu kimoja na mali ni moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya nchi hii inasema wazi kwamba kuoana hakubadilishi umiliki: cha mke kinabaki cha mke, na ana haki ya kukipata, kukishika na kukitumia apendavyo. Sheria hiyo hiyo inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Na kama hutaki habari za sheria, tazama mila yenu wenyewe. Wahindu mna stridhan, mali ya mwanamke, dhahabu anayoingia nayo kwenye ndoa, na hiyo si ya mume. Muulize mama yako: bangili alizoolewa nazo, je, angenyamaza kama baba yako angemwahidi mtu kuziuza kabla hajamwambia? Jibu utalipata usoni mwake kabla hajafungua mdomo. Fedha ya kachori mkeo hakupewa na mtu harusini. Ameichuma mwenyewe, na inastahili heshima isiyopungua ile ya bangili.

Majirani zako Waislamu hapo Goba wanalijua jambo hili vizuri. Anayetaka kwenda Hija hulipa kwanza madeni ya watu, huwaachia wanaomtegemea matumizi yao, kisha ndiyo anakwenda. Asiye na uwezo hana lawama. Hakuna anayemsifu mtu aliyefika mahali patakatifu kwa fedha ya mwenzake asiye na habari.

Sasa fikiria nadhiri yenyewe. Mama aliiweka kwa ajili ya nani? Aliyekuwa kwenye oksijeni 2021 ni wewe. Pumzi iliyorudi ni yako. Katika watu wote wa nyumba hiyo, wa kwanza anayepaswa kuumia mfukoni ili mama akafike kwa Amba Mata ni wewe. Mama ametoa ahadi yake, na atatoa magoti yake. Mkeo sidhani kama alilala usingizi siku zile. Wewe uliyepewa uhai unataka kutoa nini? Uzio uko pale pale, geti linakuja, na safari inalipwa na nankatai.

Najua Goba mtu anahitaji uzio. Viwanja vimebanana, watu hawajuani, usiku ni usiku. Lakini umeishi bila geti hadi leo na hukuniandikia kwamba umeibiwa. Hata bati za muda zingekufikisha Juni.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa na mkeo watoto wakishalala, mama asiwepo. Mwambie nadhiri ya mama, mwambie na gharama yote, kisha mwambie kwamba utailipa kwa fedha ya geti. Kikoba usikitaje. Akikitaja mwenyewe, akasema nataka kuchangia kiasi hiki, pokea kiasi hicho hicho kwa mikono miwili, mwandikiane kwenye daftari kama ni mkopo, na umrejeshee. Akisema oveni kwanza, mjibu ndiyo na usikunje uso siku inayofuata. Ndugu zako nao, kwa kuwa wana maneno mengi kuhusu kebo, waulize kila mmoja anatoa shilingi ngapi. Na mama aelezwe fedha ya safari inatoka wapi, kwa sababu mwanamke aliyekataa kupunguza hata ngazi moja ya ahadi yake hatakubali kwenda kuilipa kwa jasho la mkwe asiyeulizwa.

Fundi wa geti mpigie leo, umwambie asubiri.