SOMO LA HUDUMA: Kuisoma Bahari ya Mafia Kabla ya Kuingia Majini

Katika vijiji vya Utende, Chole, Juani na Jibondo, pamoja na mji wa Kilindoni, kazi ya kuwapeleka wageni kutazama matumbawe na samaki kwa miwani ya maji na mrija huwapatia riziki manahodha, waongozaji na familia zao. Kazi hiyo husimama juu ya uamuzi mmoja unaotolewa kila asubuhi: kwenda au kutokwenda. Somo hili linaeleza mambo manne ya kupimwa kabla ya uamuzi huo, nayo ni mkondo wa maji, upepo, weupe wa maji na taarifa ya hali ya hewa.

Mkondo wa maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo maji yaliyopwa kabisa leo saa 4:00 asubuhi, kesho yatapwa kabisa yapata saa 4:50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka. Hivyo saa 7 mchana wakati wa bamvua maji yanaingia, ilhali saa hiyohiyo wakati wa maji mafu yanatoka. Anayefuata saa ya ukutani bila kuutazama mwezi anaweza kuikuta bahari asiyoitarajia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Ghuba ya Chole, ambayo maji yake mengi huingia na kutoka kupitia mlango wa Kinasi. Maji yanapojaa huleta ndani maji safi ya bahari kuu. Yanapopwa, mkondo huelekea nje na unaweza kumchukua mwogeleaji hodari. Maji hayaendi kwa kasi moja: katika saa 6 za kupwa, saa ya 3 na ya 4 peke yake huondoa takribani nusu ya maji yote. Mgeni anayeomba kupelekwa karibu na mlango huo saa 1 asubuhi siku ya bamvua anaomba saa mbaya kuliko zote.

Upepo

Kusi huvuma kati ya Aprili na Septemba, na mawimbi yake hupiga upande wa nje wa visiwa. Katika miezi hiyo ghuba ndiyo kimbilio. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kwa kawaida ndio msimu wa kuifikia miamba ya nje. Upepo unaovuma kinyume cha mkondo huinua mawimbi mafupi yenye ghadhabu, hata siku ambayo anga ni jeupe.

Weupe wa maji

Upande wa magharibi wa kisiwa hutazamana na delta ya Mto Rufiji, hivyo mvua za masika huweza kuyatia maji rangi ya udongo. Maji yenye ukungu si lazima yawe mabaya: viumbe wadogo waliomo ndio chakula cha papa potwe, ambaye huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi. Hata hivyo, mwongozaji asiyeweza kuwaona watu wake wote ndani ya maji awapunguze idadi au awarudishe chomboni.

Taarifa ya hali ya hewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, ukiwamo wa upepo na mawimbi. Maneno yake yana ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Angalizo si ruhusa ya kwenda. Ni wito wa kupima upya.

Wakiwa majini

Chombo kisiachwe bila mtu, na kila mgeni avae jaketi la kujiokolea. Atakayechukuliwa na mkondo asishindane nao: aelee, ainue mkono na kungoja chombo. Nahodha ashushe watu upande ambao mkondo utawaleta kwenye chombo, wala si kuwatenga nacho. Mtu yeyote asisimame juu ya matumbawe. Yakivunjika, miaka mingi hupita kabla hayajarudi.

Ni kweli kwamba safari iliyoahirishwa ni fedha iliyokosekana, na mgeni anayeondoka kesho hukasirika. Lakini maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Saa njema hurudi baada ya muda mfupi, ilhali aliyepotea baharini huenda asirudi. Nahodha anayesema “leo hatuendi” na kueleza sababu hajainyima jamii yake kipato. Ametoa huduma iliyo bora kuliko zote alizo nazo.