Kukata umeme kwenye boti ya rimoti

SWALI: Boti yangu ya mbio inatumia betri ya lithiamu. Nikiitoa majini, propela wakati mwingine hushtuka na kuzunguka. Niweke swichi ya kawaida?

JIBU: Hapana. Mkondo wa boti ya mbio unaweza kupita ampea 100. Swichi ndogo huungua au hugandana ndani, na hapo ukizima haizimi. Weka kitanzi cha waya mnene kwenye waya chanya, kati ya betri na kidhibiti mwendo, kitokeze juu ya sitaha ili ukichomoe bila kufungua kifuniko. Tundu lake lizibe vizuri maji yasipenye.

Washa rimoti kwanza, ndipo uchomeke kitanzi. Ukirudi ufukweni, chomoa kitanzi kabla hujaizima rimoti, na kabla mkono haujakaribia propela. Usilitegemee zimio la volti ndogo, yaani kidhibiti mwendo kukata mota betri inapopungua: hilo hulinda betri, si vidole vyako.

Tena ipange risiva izime mota mawimbi ya rimoti yakipotea. Jaribu nchi kavu: boti ikiwa imefungwa kwenye stendi, watu wakae mbali, zungusha mota polepole kisha uzime rimoti. Mota isiposimama, usiitie boti majini.