Nani Alimlalia Mtoto?

Somo la wiki: 1 Wafalme 3:16–28

Kisa hiki tumekihubiri mara nyingi, tukakimbilia upanga na hekima ya Sulemani. Leo turudi nyuma kidogo, kwenye ule usiku. Wanawake wawili, watoto wachanga wawili, nyumba moja. Hapana bibi, hapana shangazi, hapana jirani wa kumpokea mtoto. Mama mmoja, kwa uchovu wa uzazi, akamlalia mwanawe. Mtoto akafa.

Angalieni jambo moja. Sulemani hakumhukumu mama yule kwa kulala. Kesi iliyofika mbele yake ilikuwa ya mtoto aliyeibwa na uongo uliofuata. Dhambi ilianza pale msiba ulipofichwa.

Sasa naungama mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, hapa hapa Mtangawanda, dada mmoja wa ushirika wetu alifiwa na mtoto wa miezi miwili usingizini. Nilikwenda matangani, nikamuuliza mbele ya watu: "Kwani mlimlaza vipi?" Hakujibu. Karibu mwaka mzima hakuonekana ibadani. Wengine walisema ni jini, wengine kijicho. Lakini mimi ndiye niliyemuumiza zaidi, kwa maana sikumfundisha kitu kabla, nikaja kumhukumu baadaye. Nilipomwomba msamaha, alilia, akasema: "Mama, lile swali ungeniuliza kabla."

Basi, tuulize kabla. Wako watoto wanaokufa usingizini na hata daktari asione sababu. Mama wa namna hiyo tumfariji, tusimchunguze. Lakini yako mambo yanayopunguza hatari:

1. Mlaze mtoto chali kila mara, mchana na usiku, mpaka atimize mwaka mmoja. Msiogope kwamba atapaliwa akicheua. Mtoto mzima wa afya hujikinga mwenyewe. Kifudifudi ni kwa kucheza, akiwa macho na wewe ukimtazama.

2. Alale mahali pagumu na bapa. Mito, mablanketi mazito na leso zilizorundikana ziondoe.

3. Alale chumba kimoja na wewe, ila kwenye kilalio chake. Mnyonyeshe, kisha mrudishe. Baba aliyekunywa, au mzazi aliyezidiwa na uchovu, asilale naye kabisa. Na mtoto aliyezaliwa njiti, hatari kwake ni kubwa zaidi.

4. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, kisimguse uso.

5. Joto letu mnalijua. Msimvishe kofia na sweta akilala. Moshi wa sigara na jiko la makaa, vikae mbali.

Haya si maneno matupu. Marekani, madaktari walishauri mwaka 1992 watoto wasilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanza kampeni ya nchi nzima. Katika miaka iliyofuata, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Huko New Zealand, jamii ya Wamaori, tangu mwaka 2006, husuka vikapu vya majani ili mtoto alale karibu na mama lakini mahali pake mwenyewe. Nikisikia hivyo nakumbuka ukili wetu. Mikono ya kusuka tunayo kisiwani, kwetu na kwa majirani zetu Waislamu. Kikapu kipana chenye kitako kigumu na bapa, je, kinatushinda? Jambo hili halina dini. Mtoto ni mtoto.

Wale wanawake wawili walikuwa peke yao. Mama wa Mtangawanda asiwe peke yake. Akijifungua, siku arobaini za kwanza tupeane zamu: mmoja apike, mmoja achote maji, mmoja ambebe mtoto ili mama apate saa mbili za usingizi. Na wababa, zamu hiyo inawahusu pia.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani kati yetu amejifungua karibuni, na nani amemtembelea wiki hii?
2. Tumewahi kumhukumu mfiwa? Tumeenda kumwomba msamaha?

Tuombe: Bwana, utufundishe kulinda kabla ya kulia. Amina.